Bolti imegoma: namna ya kuifungua bila kuikata

Bolti iliyoganda inataka mambo kwa mpangilio: usafi, mafuta, muda, na kugongwagongwa kwa nyundo. Baada ya hapo moto. Nguvu ya bomba refu inakuja mwisho kabisa. Makanika wengi wa barabarani huanza na bomba kwa sababu mwenye gari amesimama pembeni anaangalia saa. Wewe unayejitengenezea gari nyumbani, iwe Tororo, Arua au Kasese, una kitu ambacho wao hawana: usiku mzima wa kusubiri. Utumie.

Kwanza jua imegoma kwa nini

Magari yetu mengi, zile Premio, Noah, Ipsum na Hiace zinazobeba abiria, yalifika Uganda yakiwa yameshatembea Japani miaka mingi. Kaskazini mwa nchi hiyo, hasa Hokkaido, barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na gari lililoishi huko hushuka Mombasa likiwa na kutu chini hata kama juu linang'aa. Kama bado unayo karatasi ya mnada ya gari lako, itazame: herufi S huonyesha kutu, na C huonyesha mahali chuma kilipolika. Ukiziona, nunua mafuta ya kulegezea kabla hata hujanunua spea.

Kisha kuna tunachokiongeza wenyewe. Matope mekundu ya barabara za muramu hujibana kwenye suspensheni na kushikilia maji siku kadhaa baada ya mvua kukatika, na misimu yetu ya Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba haikipi chuma nafasi ya kukauka. Gari linalobeba chumvi ya Ziwa Katwe kule Kasese huharibika kama lile la Hokkaido bila kuonja theluji.

Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichooza, ndiyo maana nyuzi za bolti na za nati zinabanana mpaka zinakuwa kama kitu kimoja. Lakini si kila bolti iliyogoma ina kutu. Nati za tairi mara nyingi ni safi; zimegoma kwa sababu mtu wa panja alizikaza kwa mashine ya hewa bila kipimo. Bolti ya chuma iliyoingia kwenye alumini, kwa mfano kwenye silinda hedi au giaboksi, hushikwa na unga mweupe unaotokea metali mbili tofauti zinapokutana na unyevu. Bolti za egzosti zimechomwa na kupozwa kila siku kwa miaka. Na zipo bolti zilizopakwa gundi ya nyuzi, ya bluu au nyekundu. Hizo unaweza kuzimwagia mafuta wiki nzima zisitikisike, kwa sababu gundi inalegezwa na joto.

Kwa hiyo chukua tochi, angalia kwa makini, na ujiulize ni ipi kati ya hizo. Jibu ndilo litakalokuambia uanze na chupa ya mafuta, na moto, au na mkono mrefu.

Usalama, kabla ya spana

Gari lisimame mahali tambarare na pagumu, handbreki imevutwa, vipande vya mbao vimewekwa mbele na nyuma ya tairi zinazobaki chini. Jeki ni ya kuinulia tu. Ukishainua, weka stendi za chuma chini ya sehemu imara ya bodi, kisha lisukume gari kwa mkono uone kama linayumba. Usitumie tofali wala jiwe, kwa sababu hupasuka bila kutoa ishara. Kufungua bolti ngumu ni kazi ya kutikisa gari, kwa hiyo hatari ya kuanguka ni kubwa kuliko kwenye kazi ya kawaida ya kubadilisha oili.

Vaa miwani. Ukilala chini ya gari na kugonga bolti, kutu yote inadondokea usoni, na chembe ya chuma machoni si jambo la kusafisha kwa maji na kuendelea. Glavu nzito zitaokoa vidole spana itakapoteleza.

Spana iwe saizi yake

Vichwa vingi vilivyolika havikulika kwa sababu ya kutu. Vililiwa na spana isiyofaa. Magari ya Kijapani hutumia milimita: 10, 12, 14, 17, 19 na 21 zitakufanyia karibu kazi zote. Spana za inchi unazoweza kuazima kwa jirani zinadanganya. Nusu inchi ni milimita 12.7, hivyo inacheza kwenye kichwa cha 12. Ile ya 9/16 ni milimita 14.3, inaingia kwenye 14 na unadhani inafaa, mpaka bolti inapogoma na pembe zinaondoka.

Chagua soketi ya pembe sita badala ya ile ya pembe kumi na mbili, maana hushika ubavu wa kichwa badala ya ncha. Kama soketi haifiki, tumia spana ya pete. Spana mdomo iache kwa bolti ambayo tayari imelegea. Ukienda Kisekka, pale Kampala, utakuta spana mpya za bei ya chini zimelala karibu na spana zilizotumika za chuma kizuri. Mimi ningechukua iliyotumika ambayo mdomo wake haujapanuka. Spana laini hufunguka mdomo siku ya kwanza ya kazi ngumu, na hapo unakuwa umepoteza spana na kichwa cha bolti pamoja.

Hatua ya kwanza: safisha

Toa matope yote kwa bisibisi ya zamani, kisha piga brashi ya waya kwenye kichwa, kwenye nati, na hasa kwenye nyuzi zinazochungulia upande wa pili. Nyuzi hizo ndizo nati itakazopita ikitoka. Zikiwa zimejaa kutu na mchanga, nati italegea nusu mzunguko halafu ishike tena, na hapo ndipo bolti nyingi hukatwa. Hakikisha pia soketi inazama hadi chini. Udongo kidogo ndani ya kichwa cha skrubu au kwenye kona ya nati unatosha kuifanya spana ikae juu juu.

Hatua ya pili: mafuta na usiku

Pulizia mafuta ya kupenya. WD-40 inapatikana hata kwenye vituo vya petroli. Ilibuniwa Marekani mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji na kuzuia kutu, na kwa bolti ya wastani inasaidia. Kwa iliyoganda kweli, dawa iliyotengenezwa mahususi kwa kupenya kutu hufanya vizuri zaidi. Ukiikosa, changanya ATF, yale mafuta mekundu ya giaboksi ya otomatiki, na asetoni nusu kwa nusu kwenye chupa ya chuma au kioo. Vitu hivi viwili hujitenga, kwa hiyo tikisa kila unapotumia. Mchanganyiko huu unashika moto upesi na unaharibu rangi ya gari, basi uweke mbali na sigara, jiko na bodi. Dizeli wanayotumia makanika wengi inafanya kazi pia, polepole.

Kosa la kawaida ni kupulizia na kufungua papo hapo. Mafuta yanahitaji kutambaa ndani ya nafasi isiyoonekana kwa macho. Pulizia jioni, gonga kichwa cha bolti mara kadhaa kwa nyundo ya wastani, pulizia tena, nenda ukalale. Rudia asubuhi. Ugongaji ule wa nyundo haukusudiwi kuvunja kitu; unapasua kutu vipande vidogo na kufungua njia ya mafuta. Gonga moja kwa moja kwenye kichwa, kwa mapigo mafupi. Kwa nati, weka kipande cha chuma kizito upande mmoja na ugonge upande wa pili. Usigonge ncha yenye nyuzi bila kuikinga: rudisha nati mpaka iwe sawasawa na ncha, ili nyuzi zisitanuke.

Hatua ya tatu: jaribu, na usikilize mkono

Kwanza hakikisha unazungusha upande sahihi. Ukitazama kichwa cha bolti uso kwa uso, kufungua ni kinyume na mshale wa saa. Inaonekana rahisi ukiwa umesimama. Ukiwa umelala chini ya sampu unatafuta bolti ya kumwagia oili, au umepitisha mkono nyuma ya injini, ni rahisi kukaza ukidhani unafungua. Zipo pia nyuzi za kushoto: kwenye malori mengi ya zamani ya Kijapani, nati za magurudumu ya upande wa kushoto hufunguka kwa kufuata mshale wa saa, na bolti zake huwa zimeandikwa L.

Sasa kaza kidogo kwanza. Ndiyo, kaza, mpaka uhisi imetikisika kwa kiasi kidogo sana, halafu fungua. Mwendo huo huvunja mshiko wa kutu bila kuzidisha mzigo. Ikianza kutoka, usifurahi ukaizungusha yote kwa mara moja. Toa robo mzunguko, rudisha nusu ya hapo, ongeza mafuta, toa tena. Ukisikia mlio wa kukwaruza na uzito unaongezeka, simama na urudi ndani.

Mkono wako utakuambia mambo mawili tofauti. Bolti inayofunguka hupiga kama mlio mmoja mkavu, kisha inakuwa nyepesi. Bolti inayokaribia kukatika hunyumbuka: inazunguka kwa ulaini bila kuwa nyepesi, na ukiachia spana inarudi kidogo. Ukihisi ulaini huo, acha mara moja. Hapo bado una nafasi ya kutumia moto.

Kuhusu bomba la kurefusha spana, fanya hesabu kabla. Ukivuta kwa nguvu ya kilo 30 kwenye spana ya sentimita 25, bolti inapata takriban nyutoni-mita 74 (kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Vuta hivyohivyo kwenye bomba la sentimita 75, inapata zaidi ya 220. Nati ya tairi inaweza kuvumilia jaribio hilo. Bolti ya milimita 6, ambayo kichwa chake huchukua spana 10, hukazwa kwa takriban nyutoni-mita 10 tu. Bolti ya milimita 8, spana 12, kwa takriban 25. Kwenye hizo mbili bomba halina kazi kabisa. Na popote utakapolitumia, vuta kuelekea kwako ukiwa umesimama imara. Ukilazimika kusukuma, sukuma kwa kiganja kilichofunguka.

Hatua ya nne: moto

Moto ndio dawa kubwa ya kutu, na ndio unaotaka akili zaidi. Chuma kikipata joto kinatanuka. Ukiipasha nati, tundu lake linapanuka na kuiachia bolti iliyo ndani, kwa hiyo elekeza moto kwenye nati au kwenye chuma kinachozunguka bolti, si kwenye bolti yenyewe. Kwa nati ya chuma, fundi wa gesi ataipasha hadi iwe nyekundu. Kwa alumini usifike huko: alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, na joto la nyuzi 150 hadi 200 za Selsiasi linatosha. Alumini haibadiliki rangi kabla ya kuyeyuka, kwa hiyo ukisubiri iwe nyekundu utapoteza hedi.

Ukishaondoa moto, gusisha mshumaa kwenye nyuzi zingali na joto. Nta inayeyuka, inavutwa ndani, na inalainisha pale ambapo mafuta ya kupulizia yangeungua. Jaribu kufungua joto likiwa bado lipo, na kama haijatoka, acha ipoe na urudie. Mizunguko miwili au mitatu ya joto na baridi hufanya zaidi ya moto mmoja mkali.

Usilete moto karibu na tangi la mafuta, paipu zake, mipira ya breki wala shokapu, ambayo ina mafuta na gesi ndani na inaweza kulipuka. Usipashe nati za tairi wakati tairi ina upepo. Hata moto mdogo kwenye rimu huchoma mpira kwa ndani, na tairi hupasuka kwa nguvu ya kuua mtu. Kama ulisafisha kwa dawa ya breki yenye klorini, osha na ukaushe kabisa kwanza, kwa sababu ikikutana na moto hutoa gesi ya sumu. Weka ndoo ya mchanga karibu. Dawa ya kupenya uliyopulizia jana pia inawaka.

Sehemu zenye tabia zao

Nati za tairi zilegeze tairi ikiwa bado chini, kabla ya jeki. Spana iwe upande wa kushoto imelala sawa na ardhi, ili uzito wako ushuke ukifungua. Tairi ikiwa imeng'ang'ania habu baada ya nati kutoka, usilale chini ukaipiga kutoka ndani. Rudisha nati zote zikiwa zimelegea kidogo, shusha gari, lisukume mbele na nyuma hatua chache. Itaachia.

Bolti ndefu za mikono ya suspensheni ndizo zinazochosha kuliko zote. Nati inatoka vizuri, halafu bolti haitoki, kwa sababu imeshikana na bomba la chuma lililo ndani ya bushi, ule mpira ambao bolti hupita katikati yake. Utaijua kwa kuwa ukiizungusha inarudi yenyewe: ni mpira wa bushi unaojipinda. Mimina mafuta pande zote mbili, zungusha huku na huku kwa uvumilivu, gonga kupitia kipande cha shaba. Moto unachoma mpira, kwa hiyo utumie tu kama bushi inabadilishwa. Ikishindikana, kata kwa msumeno wa chuma au grinda kati ya bushi na kishikio, pande zote mbili, na ununue bolti mpya ya nguvu ileile. Namba kama 8.8 au 10.9 kichwani si mapambo. Kama ni bolti ya kurekebishia mwelekeo wa tairi, ile yenye washa ambayo tundu lake haliko katikati, chora alama ya mahali ilipo kabla hujaigusa.

Nipeli ya kutolea hewa ya breki ina tundu katikati, hivyo inakatika kwa urahisi. Soketi ya pembe sita, ya 8 au 10, mafuta siku mbili, mapigo mepesi, basi. Usipeleke moto huko. Plagi za moto zifungue injini ikiwa baridi, na upulize mchanga utoke kwenye mashimo yake kwanza. Nati za egzosti ni kinyume: injini yenye uvuguvugu husaidia.

Kichwa kikilika au bolti ikikatika

Kichwa kilicholika kidogo kinaweza kupokea soketi ndogo zaidi iliyopigwa kwa nyundo, au kusawazishwa kwa tupa na kushikwa na koleo la kujifunga. Tindo kali ikigongwa pembeni mwa kichwa kuelekea upande wa kufungua huitoa pia, ingawa baada ya hapo bolti haifai tena.

Njia ninayoiamini zaidi ni ya mchomeleaji: nati mpya inawekwa juu ya kichwa kilicholika, au juu ya kisiki kilichokatika, na kuchomelewa kwa ndani. Joto la kuchomelea linalegeza kutu wakati huohuo, na nati mpya inakupa mahali pa kushika. Fungua vichwa vya betri kwanza, na waya wa ardhi wa mashine ushikwe karibu kabisa na bolti ili umeme usipite kwenye beringi. Kazi hii mchomeleaji wa kando ya barabara anaiweza kwa dakika chache, na mafundi wa Katwe, Kampala, wanaifanya kila siku.

Ikiwa imekatika ndani ya shimo, saga uso wake uwe bapa, piga panchi katikati kabisa, toboa kwa keekee ndogo kwanza. Kuwa mwangalifu na vile vyuma vya kutolea bolti iliyokatika: ni vigumu mno, na kikikatikia ndani, keekee ya kawaida haikitoboi. Kama bolti ilishinda moto, chuma hicho chembamba hakitaishinda. Afadhali uendelee kutoboa mpaka saizi ya kukata uzi upya: milimita 5 kwa bolti ya 6 yenye uzi wa 1.0 (yaani milimita 1.0 kutoka jino moja la uzi hadi jingine), milimita 6.8 kwa bolti ya 8 yenye uzi wa 1.25, milimita 8.8 kwa bolti ya 10 yenye uzi wa 1.25. Kisha pitisha tapu, kifaa cha kukatia uzi, taratibu ukitia mafuta.

Kurudisha

Safisha nyuzi, na bolti yoyote iliyopata moto mwekundu itupe, kwa sababu ugumu wake umeondoka. Paka grisi ya shaba kiasi kidogo kwenye bolti za egzosti na za suspensheni, lakini nati za tairi ziache kavu: uzi wenye grisi hukaza zaidi kwa nguvu ileile ya mkono na kuivuta bolti kupita kiasi. Pale habu inapogusana na rimu unaweza kupaka utando mwembamba. Anza kila bolti kwa vidole, mizunguko kadhaa, kabla ya spana. Zile zinazopita kwenye bushi za mpira zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake, la sivyo mpira unabaki umejipinda na kuchanika mapema.

Nati za tairi za Toyota nyingi ndogo hukazwa kwa nyutoni-mita 103, kwa kuvukana kama nyota, kwa spana ya kupimia mkazo. Kama huna, spana ya kawaida na nguvu ya mikono zinatosha. Usisimame juu yake. Baada ya kilomita 50 hadi 100 zikague tena, hasa kama umepita muramu.